Makufuli Matatu ya Duka la Marehemu

Kaka yetu mkubwa alifariki akiwa ndiyo kwanza amelijaza duka lake viatu vya mtumba. Alivileta kwa ajili ya msimu wa karafuu, wakati ambao hata mzazi mgumu kupita wote hapa Pemba huwanunulia wanawe jozi moja moja. Vilikuwa viatu vizuri: raba za michezo, vya shule, vya wanawake vyenye soli nene nyepesi. Alivipanga kwenye rafu mpaka karibu na bati, akaugua siku sita, akafa.

Aliacha mke na mabinti wawili. Kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, sisi ndugu zake wawili tuliingia katika mirathi. Mjane thumuni, yaani moja ya nane, mabinti thuluthi mbili, kinachobaki ni chetu. Mimi ni fundi wa viatu hapa Madungu. Skuli niliiacha mapema, lakini mirathi nimejifunza kitabuni kama nilivyojifunza kemia, ukurasa mmoja baada ya mwingine, penseli mkononi. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Ndugu yetu wa kati, ambaye kwangu ni kaka, anaishi Maskati. Aliwahi khitma ya marehemu. Ilipokwisha alitoka sokoni na makufuli matatu mapya. Kwetu mali isiyogawanywa hufungwa, ili mtu asije akaambiwa amekula mali ya mayatima. Kawaida huwa kufuli moja, na ufunguo hukaa kwa mtu mzima mmoja. Yeye aliyatia yote matatu kwenye mlango mmoja. Ufunguo mmoja akanipa mimi, mmoja akampelekea mjane ndani, alikokuwa kwenye eda, wa tatu akautia mfukoni.

"Sasa hapana wa kumshuku mwenzake," alisema. "Kisiguswe kitu mpaka nirudi tugawe. Miezi mitatu tu."

Wazee waliokuwepo walimsifu kwa uadilifu wake. Kesho yake akapanda boti, na ufunguo wake akaenda nao.

Ikawa miaka mitatu.

Watu wengi hudhani kiatu huharibiwa na kuvaliwa. Kwa soli za povu, zile nyepesi zinazobonyea, mambo ni kinyume. Povu hilo hunywa unyevu wa hewa na huvunjika ndani kwa ndani, pole pole, bila dalili juu. Kiatu kikikaa kimefungiwa, chumba hakina dirisha, bati juu linachemka mchana na masika yanaingia kwenye kuta, kinakufa huku kinang'ara. Sikuliamini hilo kwa kulisoma tu. Marehemu alikuwa amenipa jozi mbili za mzigo uleule. Moja nikaivaa kazini kila siku, nyingine nikaifungia kwenye debe. Baada ya mwaka na miezi miwili ile ya kazini ilikuwa imechakaa lakini nzima. Ya kwenye debe niliibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama.

Nikampigia kaka simu Maskati.

"Kaka, mpe ufunguo mtu yeyote anayekuja huku. Viatu vinakufa."

"Vinakufa! Yakhe, vina roho?" Akacheka. "Tangu usome kile kitabu chako cha kemia umekuwa profesa wa soli."

"Nimevipima."

"Shemegi ndo kakutuma, sema kweli. Keshachoka kukaa."

Shemegi hakunituma. Alikuwa amemaliza eda zamani, na alikuwa anakaanga bajia njia panda, hatua chache kutoka kwenye duka ambalo lingemlisha yeye na wanawe. Alikuwa akiniambia neno lilelile kila tunapoonana: "Mie naomba nisimamie biashara tu, shemegi. Niuze, kisha mje mgawane nilichouza. Kwani ni dhambi?" Haikuwa dhambi. Kitabu changu mwenyewe cha mirathi kinasema mirathi isicheleweshwe. Lakini nilipokwenda kwa sheha, mkubwa wa mtaa wetu, kumwuliza kama naweza kuvunja kufuli, alinitazama juu ya miwani akasema, "Vunja, lakini mie simo." Nikarudi nyumbani. Niliogopa maneno ya barazani. Jambo hilo naliandika hapa kama lilivyo.

Kaka alirudi mwaka huu, asubuhi moja, kanzu nyeupe, ananukia udi. Tulifungua makufuli mawili kwa shida. La kwake lilikuwa limeliwa na kutu, tukalikata kwa msumeno. Kumbe lilikuwa linakatika kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa.

Harufu ilitupokea mlangoni, ya kuvu na gundi. Lakini rafu zilikuwa zimepangwa vilevile.

"Hivi ndo vilivyokufa?" kaka alisema. "Vizima! Tazama vinavyong'ara! Vyote vizima."

Akavua makubadhi, akavaa raba nyeupe, akaenda nazo kuelekea mlangoni kutuonyesha. Hatua ya tatu akawa anakanyaga saruji kwa nyayo tupu. Soli zilibaki nyuma, zimemeguka kama keki kavu. Akavaa jozi nyingine. Ikawa vilevile. "Hii ilikuwa mbovu toka huko," akasema, akainyooshea mkono ya tatu.

Mjane alikuwa amekaa kizingitini. "Jaribu vile vya shule, ami yao," alimwambia. "Huenda hivyo vitakufikisha Maskati."

Kaka aliipangusa kanzu yake, akasema ni qadari ya Mungu.

Nina miaka hamsini na mbili na nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti mtu aliyenitangulia kuzaliwa. Siku ile watu walinisikia mpaka njia panda. Nilimwambia asimsingizie Mwenyezi Mungu kazi ya mkono wake.

Siku mbili nilibonyeza soli moja moja. Vya ngozi vilivyoshonwa, vyenye mpira mgumu, vilipona. Vilijaa kikapu kimoja na nusu. Duka zima, kikapu na nusu. Kaka alikuja kuvitazama akasema, "Basi hivyo tugawe kisheria. Mie nachukua haki yangu tu."

Nikagawa. Vile vilivyopona nilimpa mjane na wanawe, vyote. Kisha nikahesabu fungu la kaka kutoka kwenye vilivyobaki, jozi kwa jozi, sikumpunja hata moja, nikamfungia kwenye gunia.

"Umenipa mabovu matupu!"

"Ulisema vyote vizima. Walikusikia watu."

"Unakula haki yangu."

"Nishitaki kwa kadhi," nikamwambia. Nilijua kwamba mbele ya kadhi angeshinda. Aliondoka kwa boti ya siku ile na gunia akaliacha. Hatusemezani mpaka leo.

Mjane alivitandaza vile viatu pembeni ya karai lake la bajia. Viliisha kwa siku nne, na fedha yake haikutosha kufungulia duka. Nilidhani atanishukuru. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza bei:

"Msumeno ulikuwa wa nani, shemegi?"

"Wangu," nikasema.

Akageuza bajia zake.