Ujumbe kutoka Kharkiv

Katika mwaka wangu wa tatu Kharkiv, mji wa Ukraine nilikosomea ufamasia, mama aliyenipangisha chumba alibadilisha kitasa cha mlango ili binti yake asiingie.

Binti huyo alikuwa amekwenda Kyiv, mji mkuu, kwenye uwanja uliojaa watu wakiipinga serikali. Wao walitaka nchi isogee karibu na Ulaya. Serikali iliivuta kuelekea Urusi. Mama yake alikua akiongea Kirusi, na ndugu zake walikuwa ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa chache kwa basi. Alitazama uwanja ule kwenye televisheni huku akimenya viazi.

"Wanachoma matairi, kisha wanasema nchi mpya imezaliwa," aliniambia. "Na sisi wengine watatuweka wapi?"

Binti alirudi akinuka moshi. Ufunguo wake haukuingia. Mimi na mama yake tulisimama ndani, yeye nje.

"Mama, fungua. Nabadilisha nguo tu, naondoka."

Aliongea Kiukreni, lugha ya marehemu baba yake.

"Sema lugha niliyokulea nayo, nitafungua."

Hakuisema. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi. Mkono wangu ulikuwa karibu na kitasa kuliko wa mama, lakini nilikuwa mpangaji, tena mgeni katika nchi ya watu. Sikukigusa.

Nilihitimu nikarudi nyumbani, mkoa wa West Nile, nikaolewa Ediofe, karibu na mji wa Arua, na mwalimu Mkatoliki. Baba yangu ni Mwislamu wa Koboko, askari wa zamani, na hakuja harusini. "Mimi hapana kataa wewe," alisema. "Mimi nakataa hiyo nyumba." Basi kila mwezi natoka Arua kwenda Koboko kumsalimu, peke yangu. Wanangu hawaijui sura yake. Tumeshazoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Vita kubwa ilipoanza Ukraine, nilikuwa kwa Baba nikimsongea ugali wa muhogo. Simu ikaita. Alikuwa yule mama wa Kharkiv. Mabomu yalikuwa yakianguka mtaani kwake, naye alikuwa amejificha chini ya jengo pamoja na majirani.

"Binti yangu hapokei simu zangu," alisema. "Wewe atakupokea. Mwambie niko hai."

Nikampigia binti. Alipokea mara moja. Nikamweleza.

"Wanaompiga mabomu ni wale aliowalilia miaka yote," alisema. "Akitaka kuongea nami, aongee kwa Kiukreni."

Baba alikuwa amepunguza sauti ya redio. Aliniuliza nini kimetokea, nami nikamweleza yote, mlango na lugha na mabomu. Alisikiliza akitikisa kichwa.

"Huyu binti iko na kichwa ngumu," alisema. "Mama ni mama. Ambia yeye aende kwa mama yake, mambo ya dini na siasa aache."

"Na wewe, Baba?"

"Mimi nini?"

"Wajukuu wako wako Ediofe."

Alivuta redio karibu. "Hiyo ni mambo ingine," alisema, akaongeza sauti. Tulikula bila kutazamana.

Siku ya tatu mama wa Kharkiv alinitumia sauti kwenye simu. Jirani yake alikuwa amemfundisha sentensi moja ya Kiukreni. Alisema: nisamehe, mwanangu, rudi nyumbani. Alikwama katikati akaanza tena, na nyuma yake mtoto wa mtu alikuwa akikohoa. Niliisikiliza nikiwa dukani kwangu Arua, wateja wakingojea dawa, nikaituma kwa binti. Nilijua lazima itaulainisha moyo wake mgumu.

Jibu lilikuja baada ya saa mbili. "Matamshi yake ni ya Kirusi."

Sikumfikishia mama jibu hilo. Nilimdanganya kwamba mtandao ulikuwa mbaya.

Wiki chache baadaye mama alizunguka kupitia nchi jirani akaenda Urusi, kwa dada yake. Alinipa namba mpya, akanionya: "Usimpe binti yangu. Ataniita msaliti." Binti naye, majira ya joto yalipofika, aliniandikia kuuliza kama najua mama yake yuko wapi. Aliandika kwa Kirusi. Nilikaa na ujumbe ule siku nne.

Nilimjibu kwamba sijui. Nilikuwa nimeahidi, ndivyo nilivyojiambia. Lakini nadhani pia nilikuwa na hasira naye, na hasira hiyo haikuwa yake yote; nyingine ilikuwa ya baba yangu. Hajaniandikia tena. Ile namba ya Urusi nimeipiga mara mbili mwaka huu, na mara zote mbili simu ilikuwa imezimwa.