Glavu za Ijumaa

Kama hujawahi kuona kriketi, usijali, nitakueleza. Vijiti vitatu husimikwa ardhini, na mtu mwenye gongo huvilinda. Nyuma ya vijiti huchuchumaa kipa. Mpira, mgumu kama jiwe, ukimpita mwenye gongo, kipa ndiye wa kuudaka. Siri ni kuupokea kama yai ulilorushiwa: mikono irudi nyuma nao kidogo. Ukiikaza, vidole vinavunjika.

Hayo yote nilimfundisha kijana mmoja. Alikuja kutoka Kisumu kupuliza rangi za magari katika gereji yetu ya Ghala, mtaa wa viwanda huku Omani. Ijumaa asubuhi nikampeleka kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya maghala, ambako timu yetu ilicheza juu ya mkeka. Kipa nilikuwa mimi.

Kisha mudir wetu, meneja wa gereji, Mwomani wa familia iliyotoka Unguja, akatangaza kwamba kampuni itaajiri kipa: mshahara wa kucheza tu, bila kulala tena chini ya magari ya watu. Katika timu yetu hakuna aliyewahi kulipwa hivyo. Mimi nilishampigia mke wangu simu kumwambia nimepata.

Siku ya majaribio mimi na yule kijana tulipokezana glavu zilezile. Mipira ya polepole niliidaka yote. Ikaja ya kasi. Mmoja ukagonga ukingo wa mkeka, ukaruka. Mikono yangu ilifika mapema, lakini kidole cha mwisho na jirani yake, vilivyopinda kwa kuvunjika zamani, havikuufunga. Ukanitoka. Na uliofuata pia. Yule kijana aliudaka wa namna hiyohiyo huku akicheka.

"Huyu ndiye nnayemtaka," mudir akasema. "Na wewe, bwana, vipumzishe hivyo vidole."

"Vimezoea kupumzika, ndiyo maana havishiki!" akadakia mrushaji wetu.

Watu wakacheka, nami nikacheka.

Ijumaa iliyofuata yule kijana akanijia na jezi mpya, glavu kwapani.

"Buda, nifunge vidole na ile tepu yako nyeusi ya kufungia nyaya. Nikijifunga mwenyewe inalegea."

Ndiyo desturi yetu: kabla ya mchezo, kidole cha mwisho hufungwa pamoja na jirani yake, ili mpira ukikigonga kisiwe peke yake. Mimi sikuwa na wa kuniambia. Nilijua baada ya kuvunjika. Nilivitazama vidole vyake, virefu, vimenyooka, nikavionea wivu kuliko mshahara wake.

"Kaza basi," akasema.

"Nikikaza sana damu haipiti. Kunja ngumi. Fungua. Unavihisi?"

"Navihisi."

"Haya, yalla, nenda."

Akakimbia kwenye mkeka, akachuchumaa mahali pangu. Mpira wa kwanza ukatua katika glavu zake kwa ule mlio mzito ninaoujua. Nilikuwa bado nimeshika tepu, na mikono yangu ilikuwa imerudi nyuma kidogo, kana kwamba nimeudaka mimi.