Mjomba Alipopewa Kauli Yote

Hadi leo naiona siku ile, mjukuu wangu, ingawa nikifumba macho sijui kipi nilikiona na kipi nimekiota. Mto Ruvu ulikuwa umefurika. Mashamba yetu ya Mlandizi yalikuwa maji matupu yaliyotulia, mawingu yakipita ndani yake, ncha za mahindi zikichungulia. Wazee wakampa mjomba wangu Salumu kauli yote mpaka maji yapungue: nani avuke kwanza, mlango wa nani ung'olewe tuundie chelezo cha kuvukia. Akisema, imekwisha. Hakufa mtu. Nilimpenda mjomba hadi nikatamani mafuriko yasiishe.

Maji yakapungua, mjomba akabaki vilevile. Aliamua mahari, mipaka, hata nani apike shughulini. Asubuhi moja akaamuru familia ya Mama Neema, wafugaji waliotoka kaskazini, ihame na ng'ombe wake. Hakuwasikiliza. Mama Neema akasimama uani kwetu, na Neema, rafiki yangu, kamshika ndama shingoni. Nililia. Watu wazima wakajifanya wana kazi.

Aliyesema ni mke wa mjomba, Bi Zaina, akipepeta mchele, hata uso hakuinua.

"Baba Idi, maji yamesharudi mtoni. Wewe shambani unarudi lini?"

Mjomba aliinama. Kisha akasema, "Mama Neema, nenda nyumbani. Hili si langu, litazungumzwa na wote." Kesho yake alichukua jembe.

Baadaye nilimsimulia mwalimu wetu habari hiyo, akanieleza kwamba dikteta ni neno la Warumi wa kale, na mwanzoni halikuwa tusi. Hatari ikija, walimpa mtu mmoja mamlaka yote kwa miezi michache, kisha ayarudishe. Waliokataa kuyarudisha ndio waliolichafua jina.

Sasa juzi bodaboda wenzako wamekukabidhi kijiwe kizima mpaka ugomvi wenu wa abiria uishe, nawe ukaniambia unacheka, "Bibi, siku hizi nikisema hakuna anayebisha!" Nilicheka na wewe, lakini niliogopa. Ugomvi ukiisha, waite uwarudishie kauli yao, hata wakikubembeleza ubaki. Anayekuogopa hatakwambia umekosea, na wewe hata mke wa kukusuta bado huna.

Mwenyezi Mungu akujaalie usikike penye hatari, na akupe moyo wa kufurahi siku watakapoacha kukuhitaji. Amina.