Fimbo Niliyoijaza Gundi

Siku yangu ya kwanza kazini, karakana yetu ya Jacobs, mtaa wa viwanda wa Durban, ilikuwa imejaa vumbi la mbao lililoelea juani kama ukungu. Fundi Mkuu, mzee wa Tanga, alikuwa amefumba macho, akipitisha kiganja juu ya fimbo ndefu kuliko mtu.

"Hii inaitwa bo," aliniambia. "Silaha ya watu wa Okinawa, visiwa vya Japani. Nene katikati, nyembamba nchani. Umewahi kupiga randa, kijana?"

"Kwetu Bukavu nilitengeneza vitanda, mzee."

"Kitanda hakimrukii mtu usoni."

Tulitengenezea vyumba vya karate vya Durban silaha za mazoezi. Mbali na bo, tulichonga tonfa, kirungu kifupi chenye mshikio ubavuni, na nunchaku, vijiti viwili vilivyounganishwa kwa kamba. Tulichagua mwaloni ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha. Kisha randa, msasa, mafuta. Wakati mwingine niliranda hadi nikasahau niko wapi. Katika sauti ya randa nilisikia mvua ya kwetu ikikaribia.

Mwaka wa tatu niliona ufa mwembamba kama unywele kwenye bo moja. Siku hiyo nilikuwa nawahi foleni ya karatasi za ukimbizi. Nikaujaza gundi na unga wa mbao, nikapaka mafuta. Ukapotea kabisa.

Wiki mbili baadaye habari zikaja kutoka chumba cha karate cha Greyville: fimbo imekatika mazoezini, kibanzi kimempasua mwanafunzi mmoja juu ya jicho.

"Fimbo huvunjika," alisema Fundi Mkuu. Kisha akanitazama. "Ukisema, Meneja wetu atakutoa kazini."

"Najua, mzee."

Jumamosi nilikwenda Greyville. Mwalimu wao alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Durban, aliyerithi Kiswahili kwa bibi yake. Nilimweleza yote, nimesimama peku kwenye sakafu yake. Akaenda kuleta vipande vya ile fimbo.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha gundi.

"Jicho lake ni zima," alisema. "Ila leo sitakusamehe. Kagua fimbo zote zilizo ukutani, mbele ya wanafunzi wangu."

Nilizishika moja moja. Nikatoa nne. Tatu zilikuwa kazi yangu. Aliyezipokea mikononi mwangu ni msichana mwenye bandeji juu ya jicho.

Habari zilimfikia Meneja, lakini hakunifukuza. Alinihamishia bandarini, kupigilia misumari makasha ya mizigo. Mwaka ukaisha hivyo, mpaka asubuhi moja alipokuja mwenyewe, amekunja uso.

"Yule mama wa Greyville anarudisha mizigo yangu. Hapokei fimbo ambayo wewe hujaishika. Eish. Jumatatu rudi Jacobs."

Nilirudi, nikabaki hapo hadi kustaafu. Ninyi mnaoanza kazi hii mtauliza kama niliogopa kwenda kusema. Niliogopa sana. Lakini bila Jumamosi ile, ningeendelea kuchonga vitu vizuri ambavyo mimi mwenyewe sikuviamini.

Okinawa sijawahi kufika. Mchana nikisinzia kwenye kiti naiona: miwa mirefu, upepo, na watu wanateremka kwenye njia nyeupe, kila mmoja na fimbo yake, wakija kwangu bila haraka. Mke wangu huniamsha.

"Papa, chai iko mezani."

Namwambia bado kidogo, iko watu wanangoja.