Oktava ya Charo na Sauti Yangu

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilitoka nyumbani hapa Bofu nikiwa nimeshakata shauri kwamba sitaimba tena maishani mwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na maneno ya kuwaaga wenzangu nilikuwa nimeyapanga kichwani. Namshukuru Mungu hadi leo kwamba sikupata nafasi ya kuyasema.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wangu na wenzake wawili. Wote ni wapiga gitaa la besi, na juzi walikaa sebuleni kwangu wakabishana juu ya pedali za oktava mpaka chai ikapoa. Kama hukijui kitu hicho usione haya, hata mimi nilikijua kwa taabu. Ni kidude cha chuma kinachowekwa sakafuni, gitaa likaunganishwa nacho, na mpigaji akakikanyaga kwa mguu. Akipiga noti moja, chenyewe kinaitolea mwenzake: noti ileile, lakini ya juu zaidi au ya chini zaidi. Mmoja wa vijana alitaka ya chini, tena nzito, itikise vyombo kabatini. Wa pili alitaka ya juu, ili besi iimbe kama udi wa taarabu. Wa tatu akaapa wallahi hataki pedali yoyote, vidole vyake vyamtosha. Niliwaacha wabishane. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kijana asiyebishana kuhusu kazi yake huenda haipendi. Lakini hakuna hata mmoja aliyemtaja mwimbaji, na hapo ndipo nilipoikumbuka siku yangu.

Bendi yetu ilikuwa ya harusi. Mara mojamoja tuliitwa hoteli za Nyali kuwapigia wageni, ambao walikula huku wakitupigia makofi bila kujua tumewaambia nini. Mimi nilikuwa mwimbaji. Mpiga besi alikuwa Charo, kijana wa Kisauni, mcheshi, mwenye vidole vyepesi. Kazi hiyo alirithishwa na Mzee Mbwana, aliyeiacha besi baada ya baridi yabisi kumkamata mikono. Mzee alibaki kuwa mtu wetu hata hivyo. Alikuja mazoezini alipotaka, na hakuna aliyethubutu kumuuliza amefuata nini.

Mwaka ule niliugua kifua. Homa ilinilaza, kikohozi kikanitikisa usiku na mchana, na nilipoinuka nilikuta sauti yangu imeshuka. Zamani nilikuwa na sauti nyembamba ya kupanda juu bila kusukumwa. Sasa nikiita mtu uani walidhani ni shangazi yangu. Sikumwambia mtu. Wajua sisi watu wa pwani na kuamkiana kwetu. Ukiulizwa hali, jibu ni njema, hata kama paa linavuja juu ya kichwa chako. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na mimi nililelewa vizuri mno.

Nilipokuwa kitandani, Charo alipata pedali ya oktava kwa mwanamuziki wa hotelini aliyekuwa akirudi kwao bara. Aliipenda kuliko viatu vyake. Na katika ladha zote alichagua ile ya juu, besi inayoimba. Niliporudi mazoezini aliuliza, "Sauti yaendeleaje, dada Maimuna?" Nikajibu njema, ila tushushe nyimbo kidogo kwa leo. Wakashusha. Tukaanza.

Sikujisikia. Mdomo ulikuwa wazi na pumzi zilitoka, lakini sauti ilipotea pale pale mbele ya meno. Nikasukuma, koo likaniuma, nikakohoa. Wenzangu wakaangalia chini. Charo akasema, "Pole dada, itarudi inshallah." Mara ya pili ikawa vilevile, na zile pole zikaongezeka. Kila pole niliyopewa niliihesabu kuwa hukumu. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba wao pia hawakunisikia, wakaamini maradhi yameichukua sauti yangu, na kwa heshima hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuniambia. Basi tukakaa hivyo, kila mmoja akimsitiri mwenzake, na mimi nikiangamia kwa adabu.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa harusi ya Mishi. Mishi ni rafiki yangu tangu madrasa, na tangu tukiwa na vijisuruali chini ya vigauni tulikuwa tumeahidiana kwamba siku yake nitaimba mimi, si mwingine. Siku hiyo ilikuwa imekaribia. Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu. Mama akanitazama, akatazama na sufuria, kulikuwa na mihogo tu. Naye kwa adabu yake akanyamaza. Nikaamua: nitawaaga bendi, kisha nitakwenda kwa Mishi kumwambia atafute mwimbaji mwingine.

Mazoezi yalikuwa mtaa wa Shika Adabu, katika ukumbi wa shule ya chekechea, watoto wakishakwenda kwao. Viti vyake vilikuwa vya kimo cha watoto. Nilipoingia nilimkuta Mzee Mbwana amekaa kwenye kimojawapo, magoti yamemfikia kidevuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Maimuna. U hali gani?"

"Njema."

"Na sauti?"

"Njema pia."

Tukapiga wimbo mmoja, nami nikazama kama kawaida yangu mpya. Katikati niliacha kuimba, nikawageukia wenzangu, nikasema, "Jamani, nina neno."

Mzee akainua mkono. "Neno litangoja. Kwanza imba peke yako, bila vyombo."

"Baba, nisitiri."

"Nikusitiri na nini? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Imba!"

Nikaugeukia ukuta uliochorwa a, e, i, o, u, nikaimba. Mwanangu, sauti ilikuwapo! Ilikuwa imeshuka, ndiyo, lakini nzima, haina ufa, na iliujaza ukumbi ule mpaka madirishani. Niliposikia nilishtuka nikanyamaza. Mpiga ngoma akasema "Eh!" Mzee hakunisifu. Akaamuru ngoma iingie, nikaimba, nikasikika. Akaamuru kinanda, nikasikika. Akamwambia Charo apige besi lakini mguu auweke mbali na kile kidude. Bado nilikuwapo.

"Sasa kanyaga," akasema.

Charo akakanyaga, nami nikatoweka. Akaondoa mguu, nikarudi. Akakanyaga tena, nikatoweka tena. Mpiga ngoma ndiye aliyeanza kucheka. Ile noti ya juu ya pedali ilikuwa imekuja kukaa palepale sauti yangu iliposhukia baada ya maradhi. Zamani ningekuwa juu yake, tusingekutana kabisa. Sasa tulikuwa wawili kwenye kiti kimoja, na yeye alikuwa na spika kubwa.

Charo akajishika kichwa. "Wallahi dada, kumbe ni mimi niliyekukalia! Mbona hukuniambia?"

Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, nikalia na kucheka kwa pamoja. Sijawahi kuwa mwepesi kama nilivyokuwa dakika ile. Sikuwa nimekufa, mwanangu. Nilikuwa nimekaliwa tu, na aliyenikalia alikuwa radhi kabisa kuinuka.

Nikangoja Mzee amkemee Charo. Nilikuwa hata na kiu kidogo ya kusikia akikemewa. Lakini Mzee akanigeukia mimi.

"Kosa la Charo ni dogo. Kapenda kitu kipya, na kijana ni hivyo. Lakini wewe wazama, na kila akuulizaye wamwambia njema. Ulitaka tukuokoe kwa ramli?"

"Niliona haya, baba."

"Haya ni pambo. Haikuumbwa kumla mtu. Wakati mwingine ukiwa husikiki, sema husikiki, wapo watakaosogea."

Kisha akapiga magoti, kwa uzito, huku akinung'unika kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, akazungusha kifundo cha pedali akakipeleka upande wa chini. Yeye ladha yake ilikuwa hiyo: oktava ya chini, tena kidogo, na noti zipigwe mojamoja, maana kidude kile ukikipa noti mbili kwa pamoja huanza kubabaika. Charo akasema hiyo ni ladha ya wazee. Mzee akasema ya juu ni ladha ya mbu. Wakabishana mpaka adhana ya magharibi, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Walichopatana ni kimoja: ninapoimba, Charo atapiga besi tupu au atatia ya chini, na nikipumzika ndipo ataifungulia ile ya juu iimbe itakavyo.

Siku ya harusi ikafika. Ilikuwa alasiri ya wanawake, kwa hiyo wapigaji wetu waliketi nyuma ya pazia uani, nami mbele kwa akina mama, kipaza sauti mkononi. Charo hakuniona, wala mimi sikumwona. Nyimbo mbili zilikwenda salama. Wa tatu ukampendeza Charo, akaifungulia ya juu nilipopumzika, na nilipoanza tena kuimba alikuwa amelewa utamu wake, hakukumbuka kuifunga. Nikajisikia nazama. Ulimi wangu wa zamani ukaniambia, tabasamu, vumilia, usimwaibishe mtu mbele ya watu.

Nikakiinua kipaza sauti, nikaimba kwa mahadhi yaleyale, "Charo, shuka!"

Akina mama wakadhani ni kiitikio. Wakapiga makofi, wakaitikia uwanja mzima, "Shuka! Charo, shuka!" Nyuma ya pazia nikasikia besi ikishuka mbio, na sauti yangu ikatoka juu yake safi, kila mtu akaisikia. Mishi, aliyetakiwa kukaa ameinamisha macho kama bibi harusi mwenye heshima zake, alicheka mpaka shangazi yake akamfinya. Nami nikaimba. Niliimba mpaka nikajihurumia kwa zile siku nilizolia jikoni. Tangu hapo tulipoitwa harusini watu walikuwa wakituomba ule wimbo wa Charo shuka. Hakukuwa na wimbo kama huo. Ilibidi tuutunge.

Basi mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Kama wewe ni mpiga besi, chagua oktava uipendayo, ya juu au ya chini, au usichague kabisa. Hilo ni lako, wala usikubali mtu akunyang'anye ladha yako. Lakini kabla hujakanyaga, muulize mwenzako amesimama wapi, usije ukamsimamia kichwani na huku wampenda. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Na kama wewe ndiye uliyekaliwa, kazini, nyumbani au popote pale, usikimbilie kujiombolezea. Si kila sauti isiyosikika imekufa. Usingoje wakukisie, na pole za watu usizifanye hukumu, kwani mara nyingi nao hawajui wanakupa pole ya nini. Njema ni jibu jema kwa mpita njia, na adabu ile sitaki uiache. Ila kwa anayekupenda, jibu kweli. Mimi nilikuwa nimebakiza sentensi moja tu nijifungie mlango kwa mkono wangu mwenyewe, na Charo, aliyekuwa na ufunguo chini ya mguu wake, alikuwa hatua chache kutoka kwangu, hana habari.

Mungu akupe sauti ya kukutosha, ya juu au ya chini, na watu wa kuisikia. Akupe marafiki wepesi wa kuinuka. Na siku itakayokuelemea, akuondolee haya ya bure, ulimi wako ufunguke useme mbele ya wote: jamani, nazama, nishikeni. Amina.