Korosho Mbili za Kura

Wanaouliza kama mtoto mdogo afundishwe siasa, huwa nawajibu kwa midomo yangu.

Mwaka ule wa uhuru, mwalimu wetu wa darasa la tatu, kijana wa Tiwi, alitaka tuamue kwa kura: shamba la shule tupande muhogo au mtama? Aliweka vifuu viwili vya nazi nyuma ya ubao, kimoja cha muhogo na kimoja cha mtama, akampa kila mtoto korosho moja mbichi, ikiwa bado na ganda lake. Mimi niliutaka muhogo kufa na kupona, na kwa kuwa mwalimu alitueleza tangu jana yake jinsi tutakavyopiga kura, nilikuja na ya pili kutoka nyumbani, nimeificha shavuni. Zamu yangu ilipofika hofu ikanishika, nikaiuma. Mtoto gani wa Kwale asiyejua kwamba utomvu wa lile ganda huchoma kama moto? Nilijua, lakini niliitema kifuuni pamoja na ile ya halali. Mwalimu alihesabu, ikazidi moja. Hakumuuliza mtu. Tukarudia, na muhogo ukashindwa.

Baba alikuwa mpiga debe wa chama kimojawapo, tena mjumbe wa kamati ya shule. Aliponiona nimevimba midomo, nikamwambia tu kwamba tulipiga kura. Alifoka. Akaapa kwamba mwalimu huyo atafukuzwa kesho yake.

Asubuhi alinishika mkono hadi shuleni. Mwalimu alimwamkia shikamoo, baba akamuuliza ni chama gani anachowalisha watoto wa watu. Mwalimu alieleza habari ya muhogo na mtama.

“Na huyu kachomwa na nani?”

Mwalimu aliniangalia midomo. Alijua. Alikuwa na kazi yake ya kuokoa, na bado alinyamaza, akaniachia mimi. Namshukuru kwa kimya kile kuliko kwa hesabu zote alizonifundisha.

“Nimejichoma mwenyewe, baba. Nilipiga kura mbili.”

Baba hakunigombeza. Alimpa mwalimu mkono, akaondoka.

Alasiri aliinua godoro, akatoa kadi tatu za kura. Zilikuwa za majirani wa chama pinzani, ambao aliwaambia atawatunzia, kumbe ili siku ya uchaguzi wasiwe nazo. Aliniwekea kiganjani bila kunitazama.

“Mpe kila mtu yake,” alisema. “Moja moja.”