Jembe la Mzee Buya na Mwiba Uliofunga Taya Langu

Walisema sitashika jembe tena. Walisema hivyo mimi nikiwa palepale mkekani, kwa sababu walidhani mtu aliyefungwa viungo amefungwa na masikio. "Mikono hii sasa ni ya kushika bakora," alisema jirani yangu Mzee Buya. "Na ile bustani yake ya maua, mimi nitafungia mbuzi." Nilisikia kila neno. Leo naandika kwa mikono hiyohiyo, ili aliyelala mkekani asome, au asomewe, ajipe moyo.

Nianze na uzima wangu. Nilizaliwa Kulesa, huku karibu na Garsen. Niliondoka nikiwa na shati moja, nikarudi katikati ya miaka ya hamsini na diploma ya kilimo. Sikubebwa na mjomba wala chifu. Kijijini kwetu ilikuwa diploma ya kwanza, na hadi leo sijasikia kama imepata ndugu. Niliitundika ukutani, na mgeni asipoiona nilimgeuzia kiti upande ule.

Watu wetu hulima kando ya Tana. Mto ukifurika husubiri, maji yakishuka hupanda kwenye tope. Mimi nilitaka na bustani ya mlangoni: mchicha, bamia, nyanya, na kuizunguka yote, asmini na mawaridi. Mzee Buya aliniuliza kama waridi linaungwa kwa nazi au hupikwa kwa chumvi tu. Mke wangu Rahabu alicheka naye, lakini maji alichota. Binti yetu Zawadi wakati huo alikuwa akitambaa kati ya matuta, akionja udongo wa kila tuta kama mpishi anayeonja mchuzi.

Mbolea nilipewa na rafiki yangu Guyo, Mworma, ambaye huleta ng'ombe wake mtoni wakati wa kiangazi. Yeye aliniletea samadi kwa punda, mimi nilimpa mabua ya mahindi. Siku moja nilikuwa nikiitandaza peku, mwiba wa mgunga uliojificha ndani ukanichoma chini ya kidole gumba cha mguu. Niliuchomoa, nikapaka tope, kama tulivyofanya sote tangu utotoni, nikaendelea na kazi. Kidonda kilijifunga upesi. Nikasema, tazama ngozi ya mtu aliyekula vizuri.

Zaidi ya wiki ilipita. Asubuhi moja sikuweza kupanua kinywa kwa kipande cha muhogo. Nikadhani ni jino. Mchana shingo ikawa ngumu kama mpini, kisha uso wenyewe ukavutwa, midomo ikarudi nyuma, meno yakatoka nje. Nilitafuta kioo, maana nilitaka kuona. Nilikuwa natabasamu. Sikuwa na furaha yoyote, lakini natabasamu.

Mzee Buya alikuja kuniambia kwamba mbuzi wake amekufa. Akanikuta hivyo.

"Unanicheka, msomi?"

Nikapunga mkono kukataa. Tabasamu halikuondoka.

"Mbuzi wangu amekufa na wewe unanionyesha meno," akasema, akaondoka na hasira yake.

Jioni ile mgongo ulijikunja kama upinde, nikabaki nimegusa mkeka kwa kichwa na visigino tu. Kila kishindo kilinirusha: sufuria ikianguka, jogoo akiwika. Niliuma ulimi, damu ikajaa kinywani na mkojo ukanitoka. Zawadi alipolia kwa kuniona, kilio chake kikaniangusha tena. Rahabu akamtoa nje, mtoto akinyoosha mikono kwangu. Wazee wakasema ni pepo. Rahabu akasema, "Kama ni pepo basi atapanda mtumbwi na sisi," akamwita Guyo. Wakanilaza juu ya majani ya migomba wakanivusha mpaka hospitali iliyokuwa ng'ambo.

Daktari alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Aliuliza tu, "Mguu gani?" Rahabu akamwonyesha kile kidole. Akakipasua mahali palipokuwa pamejifunga vizuri, usaha ukatoka na ncha ya mwiba, nyembamba kuliko sindano. Nikachomwa dawa mapajani, nikapitishiwa mpira puani wa kuletea maziwa na uji. Chumba kikafunikwa giza. "Usiseme," aliniambia, "na usitamani kusema."

Basi nikakaa gizani nikiwaza. Watu huniuliza kama niliogopa. Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi nilistaajabu. Mwiba umeingia kidoleni, kwa nini ufunge taya? Umepita njia gani? Taya lilipolegea, neno langu la kwanza lilikuwa swali hilo.

Daktari akacheka. "Ni pepopunda. Kijidudu chake kinakaa kwenye udongo na samadi. Hakipendi hewa. Ukikitia ndani kwa mwiba na kukifungia mlango kwa tope, umekijengea nyumba. Humo kinatengeneza sumu, na sumu husafiri ndani ya mishipa ya fahamu."

"Udongo upi, daktari?"

"Wowote. Ule wako mzuri hasa."

Sijasahau jibu lile. Udongo ule unaokuza bamia ndio ulionikunja mgongo, na diploma yangu yote haikuwa imenifundisha hilo.

Nikarudishwa Kulesa nikiwa mifupa mitupu, magoti hayakunjiki, vidole havifungiki. Ndipo watu waliposema lile la bakora. Mto ulikuwa umefurika. Nikajiapia kwamba maji yakishuka, nitapanda kwa mkono wangu, au nikubali mbuzi wa Buya waingie.

Zawadi hakunitambua. Nilipokuwa hospitali alikuwa ameanza kutembea, na yule mtu mgumu mkekani alikuwa akimchungulia kutoka nyuma ya gauni la mama yake. Asubuhi moja nikajikokota kwa viwiko hadi bustanini, iliyojaa magugu. Nikasikia miguu midogo nyuma yangu. Akanipita, akageuka kuniona natambaa, na akacheka sana. Kumbe nilikuwa nacheza mchezo anaoujua! Akashuka, akatambaa kando yangu.

Tangu siku hiyo tulikwenda pamoja kila asubuhi. Nilishika kigingi, nikainuka, nikaanguka. Naye alishika kigingi, akainuka, akaanguka kwa kupenda. Pale chini niliona mambo ambayo sikuyaona nikiwa nimesimama. Mkono mwembamba wa mboga ya maboga ukigusa kijiti hujizungusha, na kabla ya chakula cha mchana umeshika. Siafu huzunguka asmini, hawaipandi. Zawadi aling'oa kila mche niliouokoa kwenye magugu nikaupanda, ili aone kama umeamka, kisha akaurudisha kichwa chini. Vidole vyangu vilijifunza kushika kwa kupanda upya miche aliyoing'oa. Daktari gani angeniandikia mazoezi kama hayo?

Maji yakaanza kushuka, nami sina mbegu. Nikaazima. Jirani mmoja alinipa mbegu za bamia katika kibuyu, mke wa mwalimu alinipa vipandikizi vya asmini katika mkebe, Guyo alinijazia kapu la samadi. Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Jembe langu lilikuwa limeibwa, kwa hiyo nikamwendea Mzee Buya.

"Chukua," akasema. "Lakini jembe halina tumbo, sijui utalirudisha na nini ndani."

Nililima kwa kuliegemea jembe, nikafika mwisho wa tuta la kwanza, na mbuzi wa mtu hakuingia. Waridi langu lilichanua kabla ya biringani za wengine kutoa ua. Nasema kweli, waliokuwepo waulizeni.

Namshukuru Mungu, namshukuru Rahabu aliyekataa habari za pepo, na yule daktari mfupi. Nawe unayesoma, usiingie kwenye samadi peku. Ukichomwa, usipake tope. Osha kwa maji na sabuni, kiache kidonda kipate hewa, kisha nenda ukachomwe sindano ya pepopunda, hata kama hakiumi. Mimi na Zawadi tulivaa makubadhi ya mpira wa gari, na kila tulipotoka bustanini alichukua kibuyu chake kidogo akatuosha miguu, yangu kwanza.

Siku ya kurudisha ilifika. Kibuyu cha jirani kilirudi kimejaa bamia, mkebe ukarudi na asmini yenye maua, kapu la Guyo likarudi na mahindi mabichi. Likabaki jembe. Tulimkuta Mzee Buya kizingitini, ametoka kukata miiba ya zizi, kisigino mkononi, damu kidogo, na donge la tope tayari kwenye vidole.

Kabla sijasema kitu, Zawadi alimmiminia mguuni maji yote ya kibuyu chake kidogo. "Osha, babu," akasema.

Mzee Buya alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akalitupa lile tope.

"Mtumbwi upo," nikamwambia. "Twende ng'ambo."

"Kwa mwiba mdogo hivi?"

"Wangu ulikuwa mdogo zaidi. Na uliniuliza jembe nitalirudisha na nini."

Mzee Buya alichechemea hadi mtoni. Alipanda. Nikaliweka jembe lake miguuni pake, nikashika kafi kwa mikono ile aliyosema ni ya bakora, nikamvusha.